Sinema ya Wachunguzi, Uani Kwangu Keko

Walinikuta uani nachambua mchele, na salamu waliyonipa ni "Jambo!" Mtu mzima, nina watoto wanasoma sekondari, mgeni anaingia kwa mlango wa nyuma bila hodi, na mabuti ya kupandia milima, ananiambia jambo. Nikaendelea kuchambua mchele wangu. Mie sina tabia ya kumkimbilia mtu kwa kuwa tu kashuka kwenye gari jeupe.

Walikuwa wanne. Mkuu wao mwanamke, mrefu, nywele kazifunga na kamba, mwilini kizibao chenye mifuko mingi mpaka nikajiuliza anaweka nini humo kote. Huyu nitamwita mama wa mabuti, maana jina lake si haki yangu kulitangaza, na hata ningelitangaza asingeliona ajabu, alizoea kutajwa. Alikuwa na msaidizi mwenye ndevu. Wengine wawili walikuwa watu wa sinema: mmoja mwenye kofia, ndiye aliyekuwa akiamrisha, na mwingine mbeba kamera. Mama wa mabuti akanieleza kwamba yeye na mwenzake ni wachunguzi wa haki za binadamu, kazi yao kwenda kwenye nchi za vita kuuliza nani kaua nani, kufukua makaburi na kuandika ripoti. Na hawa wenye kamera wanatengeneza filamu juu ya kazi hiyo. Wameambiwa nina mpangaji kutoka ng'ambo ya ziwa. Wanaomba kuongea naye.

Kiingereza nilikuwa nacho. Nilikuwa mpiga chapa mjini, kwenye shirika la umma, mpaka likaja hili la soko huria, mashirika yakafa moja moja na sie tukapunguzwa kama nywele. Kiinua mgongo changu nikakimalizia kwenye vyumba vya uani vya nyumba ya marehemu baba, hapo Keko, nyuma ya vibanda vya mafundi seremala. Nikawa mama mwenye nyumba. Nalala na randa, naamka na nyundo, na vumbi la mbao linaingia mpaka kwenye mchuzi.

Mpangaji waliyemtaka alikuwa mshona nguo. Alikuja kwa treni kutoka Kigoma, na cherehani ya mkono kaifunga kwenye kanga. Muislamu mwenzetu, Kiswahili chake kinapanda na kushuka kwa namna ya kwao, na mwanzoni wanawake wa nyumba walimcheka, baadaye wakaanza kumuiga. Nilimwita mdogo wangu, yeye akaniita dada. Mumewe alichukuliwa mlangoni na watu wenye bunduki, siku za mwanzo za vita vya kwao, na tangu siku hiyo hakusikia neno. Hakuambiwa kafa, hakuambiwa yuko hai. Fundi mmoja wa vibanda vya mbele, mgane mwenye heshima zake, alimpenda wazi. Alimtengenezea kigoda, akamtengenezea kabati, na mtaa mzima ukawa unangoja kitanda. Yeye akamwambia, "Nina mume." Fundi akauliza yuko wapi. Akajibu, "Sijui. Lakini ninaye."

Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna. Si mke, si mjane. Mwanamke wa pwani ukimwambia mwenzake yuko hivyo, anashika kichwa. Mjane anajulikana la kufanya: anakaa eda, anavaa nyeupe, hatoki, haonekani na wanaume, miezi minne na siku kumi, halafu anaogeshwa anatoka, maisha yanaendelea. Yeye hakuwa na ruhusa hata ya kulia vizuri, maana ukimlilia mtu aliye hai unamtakia kifo. Kwa hiyo alikuwa akishona, na akicheka na sisi, na usingizini akiongea.

Nilimfikishia habari za wageni. Nilidhani atakataa. Akaniuliza jambo moja tu: "Hawa huwa wanarudi huko kwetu?" Nikawauliza. Wakasema ndiyo, wametoka huko juzi juzi na watarudi. Akavaa kitenge chake kizuri, akajipaka wanja, akakaa kwenye sofa lake.

Hee! Mwenye kofia alipoliona lile sofa alikunja uso utadhani kakalia mwiba. Sofa la Keko, jipya, lina vitambaa vya kufuma alivyofuma mwenyewe, kabati la fundi linang'aa kwa vanishi, juu yake maua ya plastiki. Akamvuta mama wa mabuti pembeni wakanong'ona. Kisha nikaambiwa nimuombe mdogo wangu atoke nje, akae chini, pale karibu na ukuta wa choo, maana eti mwanga ni mzuri. Mwanga! Mie nimeishi uani pale tangu nazaliwa, mwanga wa chooni sijausikia. Walitaka mkimbizi, na mkimbizi kwao hana sofa. Nikasema wazi kwa Kiingereza kwamba mtu mwenye kiti haketishwi chini. Mwenye kofia akatabasamu, akanipa maji ya chupa. Mdogo wangu akanivuta kanga, akasema, "Dada, waache. Nitakaa popote." Akakaa chini na wanja wake. Wakamwambia aufute.

Na mafundi nao, Mungu awasamehe, walipogundua kwamba kamera haitaki makelele, wakapiga nyundo hata mahali pasipo na msumari. Mwenye kofia akaenda kuwanunulia soda. Wakanywa, wakanyamaza kidogo, wakapata kiu tena. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Siku ile ndiyo niliyowapenda mafundi wa Keko kuliko siku zote.

Mahojiano yakaanza, mie mkalimani. Sasa hapo nikaiona kazi ya uchunguzi. Swali moja waliliingiza kwa mlango wa mbele, wakalirudisha kwa mlango wa nyuma, wakalipitisha na dirishani. Walikuja saa ngapi? Jua lilikuwa wapi walipokuja? Ulikuwa umepika au hujapika? Mumeo alivaa nini? Mdogo wangu akanigeukia, macho yamemjaa. "Dada, wananiona mwongo?" Nikamwambia ndiyo kazi yao, wanamuuliza kila mtu hivyo. Lakini moyoni nilikuwa nachemka. Mfiwa, au asiyejua kama kafiwa, humuulizi mara tatu kama karani wa mahakama. Unakaa naye, unampa pole, akitaka kusema atasema.

Alipoulizwa mara ya mwisho juu ya nguo, alieleza taratibu, kwa ufundi wake. Shati la drafti, la buluu na nyeupe. Alilishona yeye. Kola ilichakaa akaigeuza, upande wa ndani ukawa nje. Na mfuko wa kifuani aliutia kwa ndani kipande cha kitenge chekundu, kwa sababu mumewe alikuwa mwalimu, kalamu zilikuwa zikivuja wino. Kitenge hakionekani mtu akivaa, mpaka uugeuze mfuko.

Nikatafsiri. Mama wa mabuti akamtazama mwenye ndevu. Mwenye ndevu akamtazama mama wa mabuti. Kamera ikawatazama wote wawili. Mie nilidhani ni joto limewachosha, maana ilikuwa mwezi wa kwanza na hata kuku walikuwa wamelala chini ya karai.

Walipoanza kufunga vyombo vyao, mdogo wangu alisimama, akajipangusa mchanga, akaniambia nimtafsirie vizuri neno moja. Nalikumbuka kama alivyolisema: "Mkimpata, mzima au maiti, msimwambie mtu mwingine kabla yangu. Niambieni mimi kwanza." Nikalitafsiri bila kupunguza. Mama wa mabuti akaweka mkono kifuani, akasema ameahidi. Akamkumbatia. Kamera ilikuwa bado inazunguka, na mwenye kofia akaomba wakumbatiane tena, safari hii wageukie huku.

Basi wakaondoka na vumbi lao. Kila gari jeupe likipita barabarani, mdogo wangu anasimamisha cherehani. Mvua za masika zikaja, zikaisha. Fundi akajaribu tena bahati yake, akajibiwa yale yale. Siku moja dereva wa shirika lao akaleta bahasha nene. Ndani mlikuwa na kanda ya video na kadi yenye picha ya maua. Nikasoma kwa sauti, watu wote wa nyumba wamesimama: asante kwa ukarimu wenu, filamu yetu imekamilika, tunatumaini mtaifurahia. Mdogo wangu akauliza kama kuna neno lingine. Nikageuza kadi, nikakung'uta bahasha. Hakuna.

"Basi hawajampata," akasema, na nikamuona uso umefunguka kidogo. Maana waliahidi.

Ikawa sherehe. Runinga nilikuwa nayo, ndiyo kwanza vituo vya televisheni vimeanza na kila mwenye uwezo ameng'ang'ana kununua. Jirani aliyekuwa akienda Dubai kuchukua bidhaa akaleta deki. Tukapanga Jumapili mchana kwa sababu jioni ni mgao wa umeme. Mdogo wangu akakaanga kaimati, akavaa kitenge kile kile, na safari hii wanja haukufutwa na mtu. Wanawake wa mtaa wakajaa sebuleni, fundi na wenzake wakabanana mlangoni, watoto dirishani. Kila mtu anataka kumuona mwenzetu kwenye sinema. Mie nimekaa mbele, mkalimani.

Ikaanza na mabuti. Wallahi, mabuti yanatembea kwenye matope, na kinanda kinalia. Halafu uso wa mama wa mabuti, unatazama mbali. Nikatafsiri: anasema kazi hii ni ngumu. Anasema hajaoga siku nyingi. Anasema usiku halali, anamkumbuka mbwa wake. Sebule nzima ikaangua kicheko. "Mbwa?" jirani wa Dubai akauliza. "Umesikia vizuri? Si mtoto?" Mbwa, nikasema, na picha yake hiyo hapo, tazameni. Tukaonyeshwa mbwa. Tukaonyeshwa mwenye ndevu akinyoa nusu ya ndevu porini, akitania, akipiga kinanda cha mdomo. Watu wa nchi yenyewe walikuwa wakipita nyuma, kina mama na mizigo kichwani, hawana jina, hawana neno. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba vita vile vilikuwa mapambo tu. Sinema ilikuwa ya kwao wenyewe, inaeleza jinsi walivyo wema na jinsi wema unavyochosha.

Kisha ukatokea ua wetu. Vigelegele! Choo changu kikaonekana Ulaya, nikaona haya na fahari kwa pamoja. Mdogo wangu pale chini, uso umefanywa giza asitambulikane, kitenge chake tukakitambua wote. Akawa anaeleza habari za shati, na sauti yangu mwenyewe inasikika pembeni ikitafsiri. Akafika kwenye mfuko. Wale wawili wakatazamana, na kamera ikakaa juu ya kutazamana kwao muda mrefu, kinanda kikaongezwa. Msimulizi akaanza kusema. Nami, kwa mazoea ya miaka ya kupiga chapa barua za watu bila kuzisoma, mdomo wangu ukawa unatafsiri kabla ya kichwa kusikia: "Hapo ndipo tulipojua. Shati hilo tulikuwa tumeshaliona."

Picha ikahama. Shimo, watu wenye glavu, kitambaa cheupe kimetandikwa chini, na juu yake shati limekauka udongo. Mkono wenye glavu ukageuza mfuko. Nyekundu ikaonekana. Na mie, mdomo wangu huu, nikawa nimeshamaliza sentensi: "Ni la mwalimu mmoja, aliyeuawa wiki ile ile aliyochukuliwa. Mjane wake anaishi katika mji wa mbali."

Mjane wake. Nililisema mie, sebuleni kwangu, na kaimati ziko mikononi mwa watu.

Hakupiga kelele. Alisema, "Rudisha nyuma." Jirani wa Dubai alikuwa kashaanza kulia, hakuweza kushika kidude cha deki. Fundi ndiye aliyeingia akarudisha. Akatazama mfuko ukigeuzwa. Akasema, "Ndilo," akainuka, akaenda chumbani kwake. Wanawake wakamfuata na kilio kikapanda nyumba nzima. Nyuma yetu sinema ilikuwa inaendelea, hakuna aliyekumbuka kuizima. Mama wa mabuti alikuwa amekaa kando ya ziwa analia, na mwenye ndevu anampapasa mgongo.

Niliwadharau watu wale kwa namna ambayo sijawahi kumdharau mwizi. Mwizi anajua alichochukua. Kwetu msiba una adabu yake. Mtu haambiwi njiani, wala haambiwi akiwa na chakula mkononi. Wanatumwa watu wazima wawili, anaketishwa, anapewa maji, anashikwa, ndipo anaambiwa, na polepole. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, ndivyo tulivyofunzwa. Hawa walilijua lile shati wakiwa wamekaa naye, magoti kwa magoti, uani kwangu. Walijua wakati wanaahidi. Wakawapelekea habari watu wa Ulaya kwanza, na kinanda juu, yeye wakamletea baadaye kwenye bahasha, na maua, tunatumaini mtaifurahia. Nyoo! Halafu wanaitwa wataalamu wa ukweli.

Tukatandika mikeka. Mafundi wakafunga kazi bila kuambiwa, na barabara ile ikanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nipate akili, bila soda ya mtu. Kesho yake akaitwa shehe wa msikiti wetu ili amuweke eda. Mzee wa watu akasikiliza, akauliza kafa lini, tukamwambia kama filamu ilivyosema. Akasema, kwa upole, kwamba kwa kitabu eda inahesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku ya habari. Eda yake imekwisha zamani. Hana deni.

Mdogo wangu alikuwa nyuma ya pazia. Tukasikia sauti yake. "Imekwisha nikiwa wapi?"

Imekwisha akiwa kwenye treni. Imekwisha akibishana bei ya uzi, akienda harusi za watu, akicheka na sisi barazani. Ujane wake wote ulipita na yeye hakuambiwa. Shehe akajikohoza, akasema yeye ameeleza lililoandikwa, lakini si mtu wa kuzunguka kwenye nyumba za watu kuangalia nani kavaa nyeupe. Akaomba dua, akaondoka. Jioni ile mdogo wangu akavaa nyeupe. "Nitakaa yangu," akasema. Wanawake wa nyumba tukamzunguka, tukapanga nani atampikia, nani atampokelea nguo za wateja na kumletea ndani. Mlango wake ukawekwa pazia zito, na mwanamume hakuvuka kizingiti, hata fundi, ambaye alikuwa akiacha kapu la matunda mlangoni na kuondoka bila kubisha.

Alikuwa katikati ya eda yake hiyo lile gari jeupe liliporudi. Wale wale wanne, na kamera mpya, ndogo kuliko ile ya kwanza. Safari hii walipiga hodi, sijui nani aliwafundisha. Mama wa mabuti akanieleza kwa furaha kwamba filamu yao imependwa sana huko kwao, imepata tuzo, na sasa watu wanataka kujua yule dada wa uani anaendeleaje. Wanatengeneza ya pili. Wanaomba saa moja tu.

Nilisimama mlangoni, mkono huku na mkono huku. Nikasema haiwezekani, yuko eda. Wakaulizana eda ni nini. Nikawaeleza kwa Kiingereza changu cha ofisini: amefiwa, anaomboleza, hatoki nje, haonekani na wanaume.

Yule mwanamke akalegea uso mzima kwa huruma. Huruma ya kweli, naapa, na ndiyo iliyonitia hasira zaidi. Akashusha sauti, akaniuliza, "Masikini! Nani amekufa?"

Nikageuza shingo nikatafsiri kwa ndani, kuelekea kwenye pazia: "Wanauliza kafa nani."

Cherehani ikasimama. Mdogo wangu akasema, wala hakupandisha sauti, "Waambie wakaangalie sinema yao."

Nikawaambia, neno kwa neno, nikafunga mlango.